Albamu ya Mwaka Isikilizwe Kabla ya Kubishaniwa

Oktoba 2021 mwimbaji wa Bongo Fleva Alikiba alitoa Only One King, albamu yake ya kwanza tangu Ali K 4Real ya mwaka 2009. Ilikuwa na nyimbo 16, baada ya miaka 12 ya kusubiri. Novemba, mashabiki wake wakiwa bado wanazikariri, Harmonize naye akaachia High School. Kuanzia hapo hadi mwaka unakwisha, vijiwe vya kahawa, saluni za kinyozi na vituo vya bodaboda vilikuwa na swali moja: nani amefunga mwaka?

Hoja zilitoka kila upande. Huyu alihesabu watazamaji wa YouTube. Yule alihesabu wageni walioshirikishwa, akamtaja Rudeboy wa Nigeria kwenye "Salute" na Mayorkun kwenye "Jealous". Wa tatu alilinganisha sherehe za uzinduzi, nani kavaa nini, nani kahudhuria na nani kasusa. Waliouliza swali la msingi walikuwa wachache: ukiiweka albamu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kurukaruka, inasimama yenyewe?

Mabishano ya mashabiki kuhusu albamu bora ya mwaka ni jambo jema, na muziki wa Afrika Mashariki unayahitaji kuliko wakati wowote. Kinachoyaharibu ni kwamba mara nyingi hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa. Shabiki anaijua kambi yake tangu Januari. Albamu ikija Novemba, kwake ni bendera tu ya kupeperusha.

Ushabiki wa kambi haukuletwa na Team Kiba ya Alikiba na Team Mondi ya Diamond Platnumz. Enzi za ukoloni miji ya Tanganyika iligawanyika kati ya vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti, na Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, watu wakishindana kwa mavazi, tarumbeta na karamu. Baada ya uhuru ikaja zamu ya bendi za dansi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na wengi wakaijua kwa jina la Msondo. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakahama bendi zao na kuiunda Mlimani Park, yaani Sikinde, na tangu hapo Dar es Salaam ikawa na watani wa jadi wa muziki kama ilivyo na Simba na Yanga katika soka. Lakini shabiki wa Sikinde alilazimika kwenda ukumbini. Alisimama hapo saa tatu au nne, akasikia magitaa yakipokezana, akajua ni nani aliyepiga solo na ni nani aliyetunga. Alipobisha, alibisha kuhusu kitu alichokisikia kwa masikio yake.

Leo mtu anaweza kubisha usiku kucha kuhusu albamu aliyosikia sekunde 30 za wimbo wake mmoja.

Bendi za dansi hazikuwa na utamaduni wa albamu kama tunavyouelewa sasa. Zilirekodi wimbo mmoja mmoja katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikafika kwa wasikilizaji kupitia kipindi cha redio, au katika santuri zilizochapishwa Nairobi. Albamu kama kazi moja yenye mwanzo na mwisho ilikuja kushika mizizi na kizazi cha Bongo Fleva, wakati wa kanda.

Anayetaka kujua albamu ni nini arudi mwaka 2001, kwenye Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay. Kanda ile ilirekodiwa Bongo Records chini ya mikono ya P-Funk Majani, na ndani yake kuna "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukimwitikia. Ukiusikia peke yake utacheka. Ukiusikia ndani ya kanda, umezungukwa na nyimbo nyingine za maisha ya mtaani, kicheko kinakukaa kooni, kwa sababu unajua wale wanaoitikia "ndio mzee" wanarudi kulala wapi. Hiyo ndiyo kazi ya albamu: wimbo mmoja unaupa mwingine uzito ambao usingeupata ukiwa pekee. Mwaka huohuo Juma Nature alikuwa na Nini Chanzo, na kipindi hichohicho Lady Jaydee alitoka na Machozi. Waliokuwa vijana wakati ule bado wanabishana hadi leo ni kanda ipi ilikuwa kali zaidi, na wanaweza kukutajia wimbo wa pili upande B bila kuangalia popote.

Upande B ulikuwa mwalimu mkali. Kuusogeza mkanda mbele kulikula betri, na ukiwa na haraka unaweza kuukata. Basi watu waliacha ukazunguka. Nyimbo ambazo redio haikuzipiga zilipata wasikilizaji wake hivyohivyo, na baadhi zikaja kupendwa kuliko zile zilizotangulia kuvuma.

Mfumo ule ulikufa kwa sababu zinazoeleweka. Wasambazaji, ambao wasanii waliwaita wadosi, walinunua kazi kwa malipo ya mkupuo na msanii hakujua kanda ngapi zimeuzwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilileta COSOTA, chama cha hakimiliki, lakini nakala bandia zilizagaa sokoni kuliko nakala halali. Kisha zikaja CD za kuchomwa, zikaja simu zenye kadi za kumbukumbu, na vijana wa vibanda vya mitaani wakaanza kukujazia nyimbo mia kwa bei ya soda. Msanii wa wakati huo hakuwa na sababu ya kutengeneza nyimbo 12 wakati wimbo mmoja unaovuma ungempa shoo za mwaka mzima. Miaka ikapita. Alikiba mwenyewe, mwenye Cinderella ya 2007, alikaa miaka 12 bila albamu na umaarufu wake haukupungua hata chembe.

Albamu ilirudi taratibu, na ilirudi ikiwa na mazoea ya zama za wimbo mmoja mmoja. Machi 2018 Diamond Platnumz alikwenda kuzindua A Boy from Tandale jijini Nairobi. Ilikuwa hatua kubwa kibiashara, na majina yaliyomo, Ne-Yo, Rick Ross, Omarion, Morgan Heritage, yalionyesha jinsi kijana wa Tandale alivyofika mbali. Hata hivyo, sehemu ya nyimbo zake watu walikuwa wamezicheza muda mrefu kabla ya uzinduzi; "Marry You" ilitoka mwanzoni mwa 2017. Wengi waliiita albamu ya mwaka. Kwa haki kabisa ingeitwa mkusanyiko mzuri wa nyimbo kubwa, na kati ya mkusanyiko na albamu kuna tofauti ambayo shabiki makini anapaswa kuitetea hata pale anapompenda msanii.

Nairobi ilitoa mfano wa upande mwingine. Sauti Sol walikuwa wamekwishaonyesha mwaka 2015, kwa kuiweka Live and Die in Afrika mtandaoni bure kwa muda mfupi, kwamba wanaiona albamu kama kitu cha kumfikia msikilizaji kikiwa kizima. Juni 2020 wakaleta Midnight Train, nyimbo 13. Humo kuna "Suzanna" ya Sheng iliyochangamka, kuna "Rhumba Japani" waliyoimba na vijana waliokuwa wakiwalea kimuziki, kuna "My Everything" wakiwa na India.Arie wa Marekani, na kuna "Brighter Days" wakiwa na kwaya ya Soweto. Mitindo inatofautiana kabisa, lakini sauti zile nne zinaifunga pamoja. Miezi mitatu kabla yake Nyashinski, aliyewahi kuwa mmoja wa Kleptomaniax, alitoa Lucky You, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Mashabiki wa Kenya mwaka ule walikuwa na ubishi halali: kikundi kilichokomaa dhidi ya mtu mmoja anayejieleza. Kwa mizani ya makala haya Midnight Train inashinda, kwa sababu hakuna wimbo unaoweza kuutoa bila pengo kuonekana.

Tanzania wakati huo haikuwa na hakimu rasmi hata mmoja. Tuzo za muziki za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 1999, zilifanyika kwa mara ya mwisho 2015. Serikali kupitia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ilirejesha tuzo za taifa za muziki mwaka 2022. Katikati ya miaka hiyo zilitoka A Boy from Tandale, KitaaOLOJIA ya Fid Q mwaka 2019 na Afro East ya Harmonize mwaka 2020, na hakuna jukwaa la kitaifa lililozipima. Waliozipima ni mashabiki. Wao ndio waliobaki wakisema hii ina mashairi, hii ina midundo mitupu, hii imejaa wageni hadi mwenye nyumba haonekani. Kurasa nyingi za burudani zilikuwa na habari za nani kaachana na nani, nani kanunua gari gani. Uhakiki wa nyimbo zenyewe, aya tano tu za mtu aliyekaa akasikiliza, ulikuwa adimu.

Ndiyo maana mabishano haya yasidharauliwe. Yanafanya kazi ambayo magazeti na taasisi ziliiacha. Na kwa kuwa yanafanya kazi hiyo, yanastahili vipimo bora zaidi.

Kipimo kibovu kuliko vyote ni hesabu ya watazamaji. Mwaka 2020 chaneli ya Diamond ilivuka kutazamwa mara bilioni 1 katika YouTube, na hayo ni mafanikio ambayo kila Mswahili anaweza kujivunia. Lakini namba hiyo inahesabu video, na video ni ya wimbo mmoja. Haisemi lolote kuhusu wimbo wa tisa. Mtu aliyeicheza video ileile tena na tena akiwa jikoni anahesabika zaidi ya mara moja. Na hata pale Spotify ilipofungua huduma zake Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021, na Boomplay ikiwa imeshaenea kabla yake, hesabu zilizotangazwa kwa mbwembwe zilikuwa za albamu kwa jumla, ambapo wimbo mmoja uliovuma unaweza kuwabeba wenzake wote.

Kuna pia ubishi wa EP, yaani albamu fupi, ambao mashabiki wameutumia kukwepa hoja. Zuchu alianza mwaka 2020 na I Am Zuchu yenye nyimbo 7, na Diamond akatoa First of All mwaka 2022 ikiwa na nyimbo 10 na kuiita EP. Upande mmoja ukasema haihesabiki, upande mwingine ukasema hizo ni nyimbo za kutosha albamu. Jambo hili lisichukue muda mrefu. Kazi ipimwe kwa kile inachokifanya ikisikilizwa yote. Nyimbo 7 zilizopangwa kwa akili zinashinda 20 zilizomwagwa kama mahindi ya kuanikwa.

Linalouma zaidi ni kazi ambazo hazifiki mezani kabisa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Muziki wenyewe unakwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Ni ule uliokuwa ukipigwa kwenye vigodoro vya Manzese na Tandale wakati watu wa heshima wakiuita kelele. Mwaka uliofuata zikaja Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Mwaka 2019 ikaja Uingizaji Hewa ya Duke, na 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella. Majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani yaliziandika kwa heshima kubwa, na vijana hao wakaalikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Nyumbani, katika ubishi wa nani amefunga mwaka, majina yao hayakutajwa. Vijana wa Mburahati walijadiliwa na wasikilizaji wa Berlin na London kabla ya wale wa Magomeni, ambako ni mwendo wa miguu tu.

Nairobi nako kuna kisa cha namna hiyo. Mwaka huohuo wa Midnight Train na Lucky You, kijana anayeitwa KMRU, mjukuu wa Joseph Kamaru aliyekuwa nguli wa muziki wa Kikuyu, alitoa Peel. Ni albamu isiyo na mashairi wala ngoma ya kuchezeka, sauti za mazingira zilizonyooshwa polepole hadi zikawa muziki. Si kila mtu ataipenda, na hakuna ulazima. Lakini albamu iliyotengenezwa na Mkenya, ikasifiwa mwaka ule na wahakiki wa mabara mengine, ilistahili angalau kukataliwa na Wakenya wenzake baada ya kuisikiliza. Hata kukataliwa haikupata.

Taarabu na kwaya ndizo zimesahaulika zaidi. Kwaya za makanisa ya Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo hutoa kazi nzimanzima kila mwaka, zenye nyimbo zilizopangwa kwa makusudi, na familia huzisikiliza zote kuanzia mwanzo Jumapili asubuhi. Makundi ya taarabu yaliendelea kutoa albamu kamili hata wakati Bongo Fleva imeziacha. Shabiki wa taarabu anaujua wimbo wa dakika 15 beti kwa beti, anajua fumbo limemlenga nani na jibu lake litatoka lini. Huyo ndiye msikilizaji mwenye subira kuliko wote tulionao, na hakuna anayemwuliza albamu yake ya mwaka ni ipi.

Ziko njia za kuufanya ubishi huu uwe na faida, na hazihitaji fedha wala kamati. Gazeti la Village Voice la New York lilikuwa na kura ya kila mwaka ya wahakiki wa muziki, iliyofanyika mfululizo kuanzia 1974 kwa miaka zaidi ya 40. Kila mpiga kura alipewa pointi 100 agawe kwa albamu 10. Albamu moja haikuruhusiwa kupata zaidi ya 30 wala chini ya 5. Kanuni hiyo ni ndogo lakini inambana mtu wa kambi. Kwanza, ni lazima upate albamu 10 za mwaka mmoja, na huwezi kuzipata bila kutoka nje ya lebo unayoishabikia. Pili, kila pointi unayompa kipenzi chako unamnyima mwingine, kwa hiyo unalazimika kujiuliza kama kweli anazidi kwa kiasi hicho. Kijiwe cha watu sita kinaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja na kalamu. Albamu 10 zikizidi, ziwe 5.

Orodha zisifungwe mapema pia. Marioo alitoa The Kid You Know Desemba 2022. Zuchu alitoa Peace and Money, albamu yake kamili ya kwanza, Desemba 2024. Anayetangaza mshindi katikati ya Novemba amewanyima haki watu ambao kazi zao hazijafika bado, na anayezipigia kura wiki moja baada ya kutoka hajapata muda wa kuona kama zinadumu.

Na shabiki anapoitaja albamu, ataje na waliotengeneza. P-Funk Majani, Master J na Miikka Mwamba waliijenga Bongo Fleva kwa mikono yao, na watayarishaji wa sasa kama S2Kizzy na Abbah wanabeba nyimbo ambazo sifa zake zote huenda kwa mwimbaji. Ubishi unaotaja mtayarishaji, mtunzi na mpiga gitaa humfundisha hata yule anayeshindwa. Ubishi wa majina mawili makubwa unarudiarudia tu kile ambacho kila mtu alikijua jana.

Kuhusu mwaka 2021, uliowachosha watu sauti, Only One King ndiyo albamu bora kati ya zile mbili, kwa kuwa sauti ya Alikiba inabaki kuwa mwenyeji hata pale wageni wanapozidi. High School ina nyimbo zilizochezwa zaidi kwenye harusi na kumbi, ila ni ndefu kuliko hoja yake. Anayeona tofauti aseme, mradi awe amezisikiliza zote mbili hadi mwisho.

Desemba itakapofika tena, msomaji aandike albamu zake 5, kila moja na sentensi mbili za sababu, na angalau moja iwe ya msanii ambaye hakuwahi kumshabikia. Nao wahariri wa kurasa za burudani watenge ukurasa mmoja wiki ya kwanza ya Januari, wachapishe orodha hizo na sababu zake, badala ya picha nyingine ya gari jipya la msanii.